"Vibali nitashughulikia baadaye": toa huo muziki kwanza, kamera tutaongea

Toa huo muziki kwenye taimulaini ya kuhariria filamu yako. Leo, kabla hujajibu komenti nyingine yoyote humu.

Kwa ambao hawajasoma uzi kuanzia juu: mleta mada ametengeneza vipindi vya televisheni kwa miaka, sasa anaacha kituo aanze dokumentari zake mwenyewe. Anauliza anunue kamera gani, aanzie kwenye matamasha ya filamu au akauze moja kwa moja kwa vituo, na kama vibarua vya matangazo ya biashara vitamharibia jina. Maswali halali, wadau mmeshaanza kuyajibu. Ila katikati ya maelezo kuna kimstari amekipitisha kimyakimya: "muziki tumeshauweka, umekaa vizuri sana, vibali nitashughulikia filamu ikikamilika." Nimekisoma nikahisi tumbo linauma. Hayo maneno niliyasema mimi, karibu neno kwa neno.

Na najua ulikoyatoa, mkuu. Umeyatoa kituoni. Pale kituo kina mkataba wa jumla na vyama vya hakimiliki: kinalipa ada yake, kinajaza orodha ya nyimbo zilizopigwa, na wewe mtayarishaji unachomoa wimbo wowote unaokupendeza unaubandika chini ya kipindi cha Jumatano. Hakuna anayekuuliza. Unakaa miaka ukiamini muziki ni kitu kinachopatikana bure kama umeme wa ofisini, kumbe bili inaenda kwenye chumba ambacho hujawahi kuingia. Ule mkataba ni wa kituo, na kwa kawaida unahusu kile kinachorushwa na kituo hicho. Siku unarudisha kitambulisho getini, mkataba unabaki ndani.

Mimi nimeanza kwa kushika maiki, nikawa mhariri wa picha, nikapanda hadi kutayarisha kipindi cha kila wiki na baadaye mfululizo mzima. Kwa hiyo nilipotoka nilijiona mtu mzima. Filamu yangu ya kwanza ya kujitegemea ilimhusu mzee mmoja fundi saa. Kwenye banda lake redio haikuwa ikizimwa. Siku moja ameinamia saa ya mkononi, kioo cha kukuzia kimebana jichoni, kibano mkononi, redioni ukaingia wimbo wa zamani. Akaufuatisha kwa mluzi. Ulipofika kwenye kiitikio kibano kikasimama hewani, akasema bila kutuangalia, "Huu mama watoto alikuwa anauimba akifua." Kisha akaendelea na saa yake. Mkewe alishafariki, na tangu tuanze kupiga picha hakuwahi kumtaja hata mara moja.

Mtu wa sauti alikuwa ameshaniashiria tuombe redio izimwe. Nilimkatalia kwa kichwa, na hilo sijutii mpaka leo. Kwenye mahojiano ya kukaa, zima redio, zima televisheni, zima kila kitu. Lakini maisha yakijileta yenyewe mbele ya kamera, acha yapite. Kilichotakiwa ni kwamba jioni ile ile mtu mmoja aandike jina la wimbo kwenye daftari, na kesho yake aanze kumtafuta mwenye wimbo. Hakuna aliyeandika. Mkuu wa msafara nilikuwa mimi, hivyo msitafute mwingine wa kumlaumu.

Ingawa yupo mmoja. Mhariri niliyemwajiri, mtu mwenye mvi na tuzo zimepangwa ukutani, aliniambia hivi huku anakunja miguu kwenye kiti: "Chini ya sekunde thelathini hakuna anayekudai." Mzee wangu, kama unasoma humu, naomba unionyeshe hiyo sheria imeandikwa wapi. Nimeitafuta. Hata kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, ambacho kila mjuaji hukitaja akibanwa, kinapima mambo manne: umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathiri vipi soko la mwenye kazi. Sekunde hazimo. Si thelathini, si kumi, si tatu. Hii ya sekunde thelathini inarithishwa kwenye vyumba vya uhariri kizazi hadi kizazi, na wanaoirithisha hawajawahi kusaini kwa jina lao hati ya kudhamini kwamba filamu haina deni la hakimiliki.

Basi tukajenga filamu nzima kuelekea dakika ile. Na kwa kuwa tulikuwa wajanja sana, kiitikio tukakirudisha mwanzoni na mwishoni, safari hii kutoka kwenye rekodi safi, si kile cha redioni. Hapo ndipo tulijipiga wenyewe. Wimbo uliosikika kwa bahati ukiwa unarekodi maisha ya mtu, kuna nchi ambazo walau una hoja ya kusimamia. Ukiuchukua kwa mkono wako ukautandaza juu ya picha ili watu walie, hoja imekufa.

Matamashani ilikwenda vizuri, watu walilia kama tulivyopanga. Kikaja kituo kimoja kikubwa kinataka kununua. Mwanasheria wao akaomba vitu vya kawaida: fomu za ridhaa za wahusika, hati za picha za kumbukumbu, orodha ya muziki na vibali vyake, ili filamu ipate ile bima ya kukinga kituo kinachoirusha kisiburuzwe mahakamani. Nikajaza orodha kwa furaha. Safu ya "mwenye haki" nikaiacha wazi nikidhani ni jambo la simu moja.

Kumbe wimbo mmoja una milango miwili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Unahitaji zote mbili. Kampuni iliyotoa rekodi ile ilishauzwa kwa nyingine. Watunzi walikuwa wawili, mmoja hai na mwingine marehemu, na warithi wa marehemu hawasemezani. Mwenye rekodi alitaja bei nikapumua, halafu akaongeza kipengele: wa utunzi wakilipwa zaidi yake, na yeye apandishiwe afike pale pale. Kipengele hicho ni cha kawaida kabisa kwenye biashara hii, mimi tu ndiye nilikuwa sijawahi kukisikia. Warithi nao wakaingia kwenye tovuti ya tamasha, wakaona filamu imeshaonyeshwa na watazamaji wanauzungumzia wimbo wao. Ungekuwa wewe ndio wao, ungenipunguzia bei? Mimi nisingepunguza. Kabla hujaweka wimbo unaweza kuondoka mezani ukatafuta mwingine. Ukishaifunga filamu juu yake huna pa kuondokea, na wao wanalijua hilo kukuzidi.

Nafasi ya kurushwa ikapita tukiwa bado tunaandikiana barua. Nikarudi chumba cha uhariri kujaribu kuuondoa wimbo, lakini sauti ya mzee na redio viliingia kwenye maiki moja. Siku hizi kuna programu za kutenganisha, najua, msije kunifundisha. Hata ukitenganisha, unabaki na mtu anasimamisha kazi ghafla kwa sababu ya wimbo ambao mtazamaji hausikii. Anaonekana kama amepata kiharusi. Tukaitoa dakika yote. Filamu ikauzwa kwingine, fupi, kwa bei iliyotosha kulipia kuchanganya sauti upya na kurekebisha tafsiri za chini ya picha. Mzee alipoitazama aliuliza swali moja tu: "Pale pa mama watoto mmepatoa kwa nini?" Nilimwambia ni mambo ya kiufundi. Uongo wa kitaalamu kabisa.

Cheka tu, mimi nimeshacheka vya kutosha. Ila usidhani ni ushamba wangu peke yangu. Henry Hampton alitengeneza mfululizo mkubwa wa televisheni kuhusu harakati za haki za raia weusi Marekani, Eyes on the Prize, ukaanza kurushwa mwaka 1987. Vibali vya picha za kumbukumbu na nyimbo vilikuwa vya muda maalumu. Vilipoanza kuisha miaka ya 1990, mfululizo ukawa haurushwi tena. Hampton alifariki mwaka 1998. Ulirudi hewani mwaka 2006, baada ya wafadhili kutoa pesa za kununua vibali upya. Na huyo hakusahau vibali, mkuu, alivichukua. Aliishiwa muda na bajeti. Sasa wewe ambaye hujavichukua kabisa?

Jon Else, ambaye alifanya kazi kwenye mfululizo huo huo, alipokuwa anapiga filamu yake ya mafundi wa jukwaa la opera alinasa televisheni kwenye kona inaonyesha The Simpsons. Sekunde 4 na nusu. Muumba wa katuni mwenyewe alisema sawa, lakini kampuni yenye haki ikataka dola 10,000. Akabadilisha picha iliyo kwenye ile televisheni. Na Jonathan Caouette aliyetengeneza Tarnation kwa dola 218 kwenye kompyuta yake, filamu ambayo kila kijana hukutajia kama ushahidi kwamba pesa si tatizo: gharama za vibali vya nyimbo na vipande vya video zilitajwa kufika dola 400,000. Sehemu hiyo ya hadithi huwa haitajwi kwenye semina.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na vijana wangu wanaijua hadi wananikera nayo: meza ya mhariri haiguswi na kitu kisicho na karatasi. Wimbo, picha ya kumbukumbu, hata mlio wa simu ya mhusika. Hata muziki wa "kushikilia nafasi tu kwa sasa", ambao ndio hatari kuliko wote, maana utauzoea, mhariri atakata picha kwa kufuata mapigo yake, na mtunzi utakayemwajiri baadaye atalazimika kuuiga wakati wewe unamwambia "bado haijafika pale."

Unapoandika kuomba, taja mambo yote: sekunde ngapi, unatumika wapi kwenye filamu, nchi zipi, kwa muda gani, kwa njia zipi. Kama pesa ni ya matamasha tu kwa sasa, omba bei ya matamasha lakini barua hiyo hiyo ikutajie bei ya televisheni na mtandaoni utakayolipa baadaye ukipata mnunuzi. Kwa maandishi, wakati bado huna thamani yoyote machoni pao. Wenye haki wengi wanakubali. Mimi sikuwahi kuomba kwa sababu sikujua kwamba inaombwa.

Na wale mnaoshauri hapo juu atumie muziki wa zamani "usio na mwenyewe": Beethoven alifariki mwaka 1827, utunzi wake ni huru. Orkestra iliyoupiga na kampuni iliyourekodi juzi bado wapo hai na wana wanasheria. Aidha uajiri wapigaji wako na msaini, au utafute rekodi ambayo yenyewe iko huru. Zile maktaba za mtandaoni za kulipia kwa mwezi nazo soma leseni mpaka chini. Nyingine zinaishia kwenye video za mtandaoni, hazifiki televisheni.

Kamera? Yoyote ambayo mtu wako wa sauti hataionea wivu. Vibarua vya matangazo chukua, mimi ndivyo vilivyonilipia wakili. Habari ya matamasha au vituo sina la kukuambia mpaka nijue huo wimbo ni upi, nani aliutunga na nani ana rekodi. Andika hapa chini. Kama hujui hata kimoja kati ya hivyo vitatu, basi usiwasilishe popote wiki hii, hata kama dirisha la maombi linafungwa.

Na daftari la wimbo wowote uliosikika redioni wakati mnarekodi, mtu wako wa sauti analo? Muulize sasa hivi, akiwa bado anakumbuka.