IVF ya NHS Uingereza: soma sera ya eneo lako kabla hujatoa pesa

Wengi wanaotaka IVF, yaani kurutubisha mayai maabara, wanakimbilia kliniki binafsi kwanza, ndipo wanauliza kuhusu NHS, huduma ya afya ya umma. Hapo ndipo haki inapopotea. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu ya NHS, unahesabu hata mizunguko ya IVF uliyojilipia. Kwa hiyo bodi ya afya ya eneo lako ikiwa inagharamia mmoja tu, na umeshajilipia mmoja, unaweza kuambiwa fungu lako limekwisha.

Mwongozo huo unapendekeza mizunguko 3 kamili kwa mwanamke wa chini ya miaka 40, baada ya miaka 2 ya kutafuta mtoto. Lakini ni pendekezo, si amri. Mfuko unashikwa na bodi za afya za maeneo, ICB, na nyingi zinatoa mmoja. Wanaozitetea husema pesa haitoshi na wagonjwa wa saratani hawawezi kusubiri. Hoja nzito, ila haielezi kwa nini Scotland wapewe 3 na England uwe mchezo wa bahati kufuatana na mtaa.

Uliza pia bodi yako inaposema "mzunguko" inahesabu nini. Kwa NICE ni kuchochea mayai mara moja, kisha kupandikiza viinitete (mayai yaliyorutubishwa) vyote vizuri vilivyopatikana, pamoja na vilivyogandishwa. Baadhi ya bodi hupunguza: kupandikiza kimoja kibichi, kimoja cha barafu, basi. Vinavyobaki, mfuko ni wako. Kwangu huku ni kubana matumizi kimyakimya.

Bodi inayokuhusu hufuata GP, daktari wa kawaida wa mtaani, ulikojiandikisha. Chapa sera yake, nenda nayo. Tazama umri, sigara, na BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya mwanamke, kwa kawaida 19 hadi 30: mwenye urefu wa sentimita 165 asizidi kilo 81. Tazama kipengele cha watoto. England, mtoto ambaye mume alizaa na mwanamke mwingine, hata akiwa Tanga kwa bibi yake, mara nyingi huwafungia mlango nyote wawili. Kipimo cha mbegu za kiume kinataka siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na kikiwa kibaya hurudiwa baada ya miezi 3. Kwa hiyo mwenye miaka 39 asichelewe kuanza vipimo.

Wenye viza, angalieni hapa: tangu Agosti 2017, ada ya afya ya viza haigharamii IVF England, hata kama umeilipa yote. Mwenye ukaazi wa kudumu hazuiwi na kanuni hiyo.