Kwa mnaoanza kazi ya HPLC: kijueni kwanza kimiminika

Wadogo zangu mnaokuja mafunzo kwa vitendo kwenye maabara za hapa Arusha, nawaona mkikimbilia programu ya kompyuta. Programu mtaizoea baada ya muda mfupi. Matatizo mengi ya HPLC, yaani mbinu ya kutenganisha kemikali kwa kuzisukuma na kimiminika chenye presha kubwa, huanzia kwenye chupa ya kimiminika iliyo juu ya mashine, na huko ndiko ningependa macho yenu yaanzie.

Mikhail Tsvet alipotenganisha rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20, aliziona zikijipanga ndani ya bomba la kioo lililojazwa unga wa chokaa. Kolamu zetu, yaani mabomba ya kutenganishia, ni za chuma. Tunachopata ni vilele kwenye skrini, kila kemikali ikichora chake inapotoka, na namba ya presha, kwa hiyo jifunzeni kuvisoma hivyo viwili.

Kahawa ya Kilimanjaro ni sampuli nzuri ya kujifunzia. Kwenye kolamu ya C18 (iliyojazwa unga wenye minyororo ya kaboni 18), kafeini inaonekana vizuri kwenye mwanga wa nanomita 273, na asidi ya klorojeniki karibu na 325. Kafeini haijali sana pH ya bafa, yaani kimiminika chenye chumvi kinachoshikilia pH isibadilike, lakini asidi hiyo inajali mno, hasa pH ikiwa kati ya 3 na 4. Basi kilele cha asidi kikihama na kafeini imebaki palepale, rudini kwenye bafa na pH mita. Vikihama vyote upande mmoja, chunguzeni joto, kasi ya pampu na uwiano wa methanoli na maji. Asubuhi za Julai hapa kwetu, baridi peke yake inatosha kuchelewesha vilele na kupandisha presha. Kama mashine ina oveni ya kolamu, iwekeni nyuzi 30 au 35 na muipe muda itulie kabla ya kuingiza sampuli.

Maji yapimwe peke yake, methanoli peke yake, ndipo vichanganywe. Ukijazia methanoli juu ya maji hadi mstari wa lita moja, uwiano umeshaharibika, kwa sababu vikikutana ujazo wake hupungua. Mchanganyiko hupata joto pia: uacheni upoe, chujeni kwa chujio la mikromita 0.45, toeni hewa. Presha ikipanda mkiwa karibu na nusu kwa nusu msishtuke, maana mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji matupu au methanoli tupu.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni chumvi. Bafa ya fosfeti ikikutana na asetonitrili nyingi (kimiminika kingine kinachotumika kama methanoli), chumvi huganda ndani ya mirija na kolamu, na kolamu ni ghali. Jioni, kabla ya kupitisha methanoli au asetonitrili nyingi, pitisheni kwanza maji yenye asilimia 10 ya methanoli, bila chumvi. Kolamu ya milimita 150 kwa 4.6 hubeba takriban mililita moja na nusu tu ya kimiminika, hivyo dakika 20 kwa mililita moja kwa dakika zinaiosha zaidi ya mara kumi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kumbukeni kwamba bafa imebaki ndani. Ukirudi, anzeni na maji hayohayo yasiyo na chumvi, kwa kasi ndogo, huku mkiangalia presha. Ikitulia, ongezeni kasi polepole.