Kupima sera za chakula: msianze na dodoso

Dada, umeuliza kikundi chenu kitajuaje kama sera za serikali hapa Kenya zinawasaidia watu kula vizuri, au ni maandishi tu. Msikimbilie kuwahoji wananchi. Upo utaratibu uitwao Food-EPI, wa mtandao wa watafiti wa INFORMAS, na Kenya umeshatumika: ushahidi wa sera hukusanywa, maofisa wa serikali huuhakiki, kisha wataalamu hutoa alama wakilinganisha na nchi zilizofanya vizuri.

Chile, kwa mfano. Tangu Juni 2016, vyakula vya pakiti vinavyozidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta au kalori hubeba alama nyeusi ya onyo mbele, na haviuzwi shuleni. Kwa kila sera ya kwetu ulizeni: ni sheria au mwongozo tu? Ina bajeti? Nani hukagua, na anayekiuka hufanywa nini? Nionavyo, nyingi hulegea kwenye ukaguzi, kwa hiyo zungukeni vibanda vya karibu na shule mwandike kinachouzwa na kinachotangazwa. Sokoni linganisheni bei ya mboga ya managu na ya soda.

Na mwenye kiwanda cha soda asikae kwenye jopo la kutoa alama.