Nimuulizeje mzee wa rika la baba yangu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni tabibu kijana kwenye zahanati moja wilayani Kasulu. Nina mzee wa miaka 67 mwenye presha na kisukari, kila mara anaacha vidonge. Mkewe kaninong'oneza kuwa vinamharibia mambo ya chumbani. Naona haya. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwenye hivyo hivyo vidonge. Msalimie kwa nafasi, funga mlango, anayeandika majina atoke kidogo. Kisha mwambie: "Mzee, kisukari na baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za kiume, ndiyo maana wagonjwa wote nawauliza. Wewe hali ikoje?" Mkewe usimtaje kabisa. Halafu nyamaza. Atakohoa, pengine atakuuliza kwanza habari za mvua na maharage. Mwache, anakuja.

Akishasema, nakusihi, usimjibu kwamba kwa umri huo apumzike. Jibu hilo linawapeleka wazee wetu kwa wauza vumbi la Kongo, unga ambao hata muuzaji hajui umechanganywa nini. Muulize waziwazi kama ametumia chochote, kwa sababu sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huweza kushuka ghafla hadi mtu akafa. Mpime sukari, muulize kuhusu sigara na maumivu ya kifua: mishipa inayoshindwa kupeleka damu huko chini huenda hata ya moyo imeanza kuziba. Kama dawa yake ya presha ni haidroklorothayazidi au atenololi, wasiliana na daktari wa hospitali ya wilaya kuhusu kumbadilishia. Asiache mwenyewe.

Na mkewe je? Huyu ndiye ninayemhurumia zaidi, maana haulizwi na mtu. Kina mama niliowahudumia Ujiji walikuja na "mgongo unauma", kumbe tangu hedhi ikome uke umekauka, ngozi imekuwa nyembamba, tendo la ndoa ni maumivu matupu. Vipo vilainishi vya maji vya kumsaidia. Mawese yamejaa kila nyumba kwetu Kigoma, lakini mafuta yoyote huharibu kondomu ya mpira, mweleze hilo.

Kipimo cha VVU wape wote wawili. Mzee akikonda tunasema uzee, na ngozi inayochanika hupitisha virusi kwa urahisi. Mama mpangie siku yake, aingie peke yake, na kama anakuonea haya, akae na muuguzi wa kike aliye mtu mzima.