Maswali ya Wasomaji: Ndege ya Mbao Yenye Injini Mbili

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi seremala hapa Nakuru. Marehemu babu yangu alipenda kusimulia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Uingereza walijifunza urubani kwa ndege ya mbao iitwayo Oxford, yenye injini mbili. Je, mbao zaweza kustahimili injini mbili? Na mwanafunzi ana haja gani na ya pili?
Msomaji, Bondeni, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, babu yako alisema kweli. Airspeed Oxford, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Juni 1937, ilitokana na Envoy, ndege ndogo ya abiria ya kampuni hiyohiyo ya Airspeed, na mabawa yake yalikuwa ya mbao na plaiwudi iliyoshikwa kwa gundi, kazi ambayo wewe ungeitambua mara moja. Kila injini ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 350, na mbao zilizounganishwa vyema zilizibeba bila taabu. Ndege zaidi ya 8,500 ziliundwa.

Injini ya pili haikuwekwa kwa ajili ya kasi. Ndege nyingi za mabomu zilizomngoja mwanafunzi zilikuwa na injini mbili au zaidi, na ya kushoto ikizimika, ile nzima huipindua pua ya ndege kushoto, hata rubani hana budi kukanyaga pedali ya kulia na kuishikilia hapo mpaka mguu utetemeke. Somo hilo halifundishiki kwa ndege ya injini moja.

Kinachonifurahisha mimi ni wenzo mmoja mbele ya rubani. Rafadha za Oxford, yaani pangaboi zinazozungushwa na injini ili kuivuta ndege, zilikuwa za mbao, na pembe ya mapanga yake haikubadilika. Hata hivyo wenzo wa kuibadilisha uliwekwa, na mwanafunzi alitakiwa kuusogeza kila alipojiandaa kutua, ingawa haukubadilisha chochote, ili mkono uzoee kabla hajakabidhiwa ndege ambayo wenzo wake unafanya kazi kweli.

Aliyefuzu alipelekwa kwenye ndege za vita zenyewe. Kituo cha mafunzo cha jeshi la anga la Uingereza kilichokuwa hapa Nakuru wakati wa vita kilitumia Blenheim, nayo ya injini mbili, ila mwili wake ulikuwa wa chuma chepesi; huko seremala angekosa kazi.