Baiskeli nyeupe za De Hoge Veluwe ni bure

Usikodi mjini. Ukishalipa kiingilio cha hifadhi ya De Hoge Veluwe, Uholanzi, baiskeli nyeupe unazikuta kwenye mageti yote matatu (Otterlo, Hoenderloo, Schaarsbergen) na unachukua bila kuongeza hata senti. Hazina kufuli wala gia, na breki ni ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, kwa hiyo izoee kwanza kabla ya mteremko. Nimezitumia mwenyewe. Ukiiacha nje ya Jumba la Makumbusho la Kröller-Müller, ukitoka unapanda yoyote iliyopo. Ila tiketi ya makumbusho ni ya peke yake, na kwa michoro ya Van Gogh iliyomo humo, tafadhali usiipite.

Endelea hadi Jachthuis Sint Hubertus, jumba la uwindaji alilolisanifu Berlage, pembeni ya bwawa. Njiani ni nyika ya vichaka vifupi na mchanga mtupu. Agosti kuelekea Septemba vichaka hivyo huchanua na nyika nzima hugeuka zambarau.

Angalizo moja: baiskeli hizo haziruhusiwi kutoka nje ya hifadhi. Kama unataka kufika pia Radio Kootwijk, kituo cha zamani cha mawasiliano ya redio kilicho nje ya hifadhi, hapo ndipo utahitaji baiskeli yako.