Jioni ya Mji Mkongwe: kahawa, urojo na taarabu kwa saa zake

Mgeni wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hukosea saa kabla hajakosea bei. Anafika Forodhani saa 10 alasiri, anakuta bustani tupu na watoto wanapiga mbizi baharini, anarudi alikofikia. Akitoka tena saa 4 usiku anauziwa pweza ambaye ameshapanda na kushuka mkaani mara tatu. Mji huu unakwenda na adhana: baada ya alasiri ni kahawa, baada ya magharibi ni chakula, baada ya isha ni muziki. Unguja iko karibu na ikweta, kwa hivyo magharibi haihami sana. Mwaka mzima jua linatua kati ya saa 12:10 na saa 1 kasoro robo hivi. Ukilishika hilo, mengine yote yanapangika.

Anza na kahawa, na kahawa ni barazani. Pahala panapojulikana zaidi ni Jaws Corner, njia panda ya Sokomuhogo, ambapo watu hukaa kwenye baraza za sementi wakicheza dhumna, wakitazama mpira na kujadili siasa. Muuzaji anakuwa na dele, birika la kahawa, juu ya jiko la mkaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Utamu uko kwenye kashata. Tafuna kipande kidogo kwanza, halafu piga funda, na usiache kashata yote ikaisha kabla ya kikombe cha pili. Vikombe huoshwa kwenye ndoo palepale, kwa hivyo mwenye tumbo jepesi afike mapema, maji yangali masafi. Toa salamu kabla ya kukaa, na simu ibaki mfukoni mpaka umezoeleka: kamera inawanyamazisha watu. Wanawake wengi hawakai pale, ila mgeni wa kike akiagiza kahawa yake hafukuzwi. Chukua noti ndogondogo. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa vikombe viwili utamsumbua mtu wa watu.

Ukitaka kuipika nyumbani, vijiko 4 vya chakula vilivyojaa kahawa ya unga kwa lita moja ya maji, na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kiponde. Ikichemka punguza moto, iache dakika 10, kisha epua na uiache itulie dakika 5 bila kuitikisa. Wanaolalamika kuwa kahawa ina mchanga ni wale wanaokoroga mwishoni.

Magharibi ikishaadhiniwa, teremka Forodhani. Bustani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, na toka hapo njia zake na taa zake zinapitika vizuri. Meza za samaki ndizo zinazong'aa zaidi, na ndizo za kuangalia kwa makini. Mishikaki ya ngisi, pweza, kamba na jodari hupangwa ikiwa imeshachomwa nusu, na kinachofanyika ukiagiza ni kupashwa moto tu. Samaki aliyepashwa mara nyingi utamjua: kingo zake zimekauka na kukunjamana, na ukimbonyeza katikati ni baridi. Nenda katika saa ya kwanza baada ya magharibi, na uchague kitu kinachochomwa kikiwa kibichi mbele yako. Uliza bei kabla hakijapanda mkaani, tena bei ya sahani nzima kwa jumla, pamoja na chapati na kachumbari. Bei ya mshikaki mmoja mmoja ndiyo inayozaa mabishano wakati wa kulipa. Papasi, dalali wa wageni, anayekushika mkono kukupeleka kwenye meza fulani ana chake hapo, na wewe ndiye utakayekilipa.

Tazama wenyeji wanapanga foleni wapi. Mara nyingi si kwenye kamba wakubwa. Ni kwenye urojo, mishikaki ya ng'ombe na juisi ya miwa. Juisi ya miwa iombe ikamuliwe mbele yako, muwa ukiwa umekunjwa na ndimu na tangawizi ndani. Iliyokamuliwa mapema hugeuka rangi ikawa ya kahawia na kuanza kuchachuka. Kama huamini barafu, sema mapema bila barafu, kwani gilasi hujazwa barafu kabla hujafungua mdomo.

Urojo unastahili maneno zaidi. Ni bakuli la rojo la manjano lenye ukali wa embe, na ndani yake kachori, bajia, mishikaki, mbatata za kuchemsha, yai, chatne ya nazi, pilipili, na juu yake chipsi nyembamba za muhogo. Mtihani wa muuzaji ni rojo, si nyama. Rojo zuri linateleza kwenye kijiko bila kunata, na ukali wake unakuja baada ya chumvi, si kabla.

Kwa watu 6 nyumbani: unga wa ngano kikombe kimoja cha chai, maji lita 2, embe bichi 2 (kama si msimu, ndimu 3 au ukwaju), manjano kijiko kimoja cha chai, thomu (kitunguu saumu) punje 3, chumvi. Menya embe, zichemshe kwenye maji hayo mpaka zilainike, ziponde, toa kokwa. Unga uvurugie pembeni kwa maji baridi mpaka usiwe na donge hata moja, kisha umimine kidogo kidogo kwenye sufuria huku unakoroga. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto, ngozi ya kila donge inapikika papo hapo na ndani kunabaki ukavu. Hapo hakuna mwiko utakaokuokoa, labda chujio. Tia manjano, thomu na chumvi, acha lichemke kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Likiepuliwa mapema linanuka unga mbichi. Kumbuka linakuwa zito likipoa, kwa hivyo epua likiwa jepesi kuliko unavyolitaka. Ukitumia ndimu, zikamue baada ya kuepua, maana zikichemka sana zinatia uchungu.

Kachori ni mbatata zilizochemshwa na maganda yake, zikamenywa, zikapondwa na chumvi, ndimu na pilipili, zikaviringwa ukubwa wa limau dogo, kisha zikachovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu na kukaangwa. Kachori inayopasuka mafutani ina kosa la maji: ama mbatata zilichemshwa zimemenywa zikalowa, ama uji ni mwepesi. Uji sahihi unafunika kidole chako usione kucha. Mafuta yawe moto kiasi kwamba tone la uji likizama linapanda juu mara moja.

Ukichukua urojo wa kwenda nao, rojo lifungwe peke yake na chipsi za muhogo peke yake. Zikichanganywa, dakika 10 zinatosha kuziharibu. Tena usidhani ni lazima uule Forodhani: nyumba nyingi za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na za mjini huuza urojo barazani tangu alasiri, na huko ndiko wenyeji wanaojua ladha wanakokwenda.

Pizza ya Zanzibar nayo ina siri yake. Mkate wake ni donge la unga wa ngano lililolazwa kwenye mafuta, likatandazwa kwa viganja mpaka likawa jembamba la kuona meza chini yake. Katikati huwekwa kipande kingine kidogo cha mkate, na hicho ndicho kinachozuia kima, kitunguu, pilipili boga, jibini na yai visitoboe chini. Muuzaji akikiruka, pizza itachanika wakati wa kugeuza. Kosa jingine ni moto mkali: nje inakuwa nyekundu upesi na yai ndani linabaki maji. Mwambie apunguze moto na aigeuze mara mbili. Ya ndizi na chokoleti ni ya watoto, wala si vibaya kuwa mtoto kwa dakika 5.

Baada ya isha ni zamu ya taarabu, na hapa inabidi ujue unatafuta nini. Taarabu asilia ni ya vikundi vikongwe: Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa 1905 na ambayo watu huiita Malindi, na Culture Musical Club, ya tangu 1958. Utasikia fidla, ganuni (ala ya nyuzi nyingi), udi, kodiani, besi na ngoma ya dumbaki. Onyesho huanza na bashraf, kipande cha ala bila maneno, ndipo mwimbaji anapoingia, na wimbo mmoja unaweza kuvuka dakika 10. Kidumbaki ni ndugu yake wa harusini: fidla moja, sanduku la kamba moja kwa sauti nzito, vingoma viwili, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonganisha, na hapo watu huinuka kucheza. Taarabu ya kisasa, ya kinanda na vijembe vya wazi, ni jambo jingine. Ukienda kwenye ya asilia ukiitarajia ile utachoka mapema, na kinyume chake pia.

Kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa, kuna adabu zake. Subiri ubeti unaokugusa, inuka taratibu kwa mwendo wa wimbo, mpe mwimbaji noti mkononi, geuka urudi. Usitembee ukimtazama mtu fulani usoni, hasa wimbo ukiwa wa kijembe. Ukumbi mzima utajua unamkusudia yeye, hata kama hukumkusudia. Noti zigawe ndogondogo kabla ya kutoka nyumbani. Ratiba hubadilika, kwa hivyo siku ya onyesho au mazoezi iulizie mchana huohuo, kwa wanakikundi wenyewe.

Kwa matamasha makubwa kuna nyakati mbili za kuangalia. Sauti za Busara, lililoanza 2004, ni la Februari, ndani na nje ya Ngome Kongwe. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, huwa katikati ya mwaka. Busara ni wakati wa kaskazi, joto ni kali, na ndani ya ngome upepo haupiti, kwa hivyo nguo nyepesi na maji si anasa. Tiketi kwa Watanzania huwa na bei yake, chukua kitambulisho. Vyumba mjini hujaa, na anayechelewa analala Mbweni au Bububu na kulipa teksi kila usiku. Masika, Machi hadi Mei, bei za vyumba hushuka, ila mvua ikinyesha jioni Forodhani haina paa.

Ramadhani geuza ratiba yote. Mchana usile wala kunywa hadharani, na taarabu inapumzika mwezi mzima. Lakini usiku baada ya tarawehe mji uko macho kuliko mwezi wowote, na vyakula vya futari vinauzwa tangu alasiri: mkate wa kumimina, sambusa, kaimati.

Ukinunua picha ya tingatinga kwenye vichochoro vya Hurumzi au Gizenga, jua kuwa rangi ni ya mafuta, ya mng'ao, kama alivyoanza Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968. Huchukua siku kadhaa kukauka vyema. Inuse, ikinuka rangi kali, na kidole gumba kikinata pembeni, usikubali ikunjwe leo. Iliyokauka ikunjwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba la karatasi ngumu, na karatasi laini katikati. Wauzaji wengi hukunja rangi ndani kwa kuilinda, ila ukiifungua ndipo inapopasuka.